Vigeuzi Vinne Vilivyopoteza Zamu Matinyani

Nyinyi vijana mnaosomea elektroniki, ambao mkitumwa bisibisi mnarudi na simu mkononi mkiuliza ni ya aina gani, vuteni viti. Nimestaafu, sina haraka, na mke wangu amesikia habari hizi mpaka anajua nitakohoa wapi. Zamu yenu imefika.

Mimi naitwa Kioko. Nilitengeneza mashine za kupimia vitu katika karakana moja ya Emali kwa muda mrefu sana. Nilipoanza kazi, huo mlima Kilimanjaro mnaouona asubuhi ulikuwa bado kilima. Elimu yangu ni ya shule ya jioni, darasa lenyewe likiwa kando ya reli. Treni ya mizigo ikipita, mwalimu alisogeza midomo na sisi hatusikii kitu, na treni za siku hizo zilikuwa ndefu: kichwa kiko Kibwezi, mkia bado unaaga watu Sultan Hamud. Kila kitu ambacho sikijui kuhusu umeme kilifundishwa treni ikipita.

Nilimwambia bosi wangu hivyo hivyo siku ya kwanza alipofika. Bosi mwenyewe alikuwa Mwende, mhandisi kutoka chuo kikuu, mtoto wa Makueni, umri wake sawa na binti yangu wa pili. Alinipa mkono akasema, "Mzee Kioko, nimeambiwa wewe hapa unajua kila kitu."

"Nusu, bosi. Ile nusu nyingine ilibebwa na treni."

"Basi tutagawana," akasema. "Mimi nilisoma mbali na reli."

Tukaelewana tangu siku hiyo. Alinifundisha mengi huyo binti, na nikikosea alikuwa hanipigii kelele. Alikuwa ananitazama tu, halafu anauliza, "Treni?" Nami nasema, "Treni, bosi." Anaanza upya.

Sasa, Mwende alibuni mashine ya kutafuta mahali kebo ilipokatika. Wazo lake ni rahisi. Unarusha mpigo mmoja wa umeme ndani ya kebo. Mpigo unakimbia, ukifika palipokatika unagonga na kurudi kama mwangwi. Ukijua umechukua muda gani kwenda na kurudi, unajua kebo imekufa umbali gani. Kwa visima vyetu virefu vya kuchimbwa, ambako pampu iko chini kabisa na kebo inashuka nayo, hiyo ni dawa. Badala ya kuvuta kila bomba mpaka chini, unavuta mpaka pale penye ugonjwa tu.

Tatizo ni kwamba umeme hauna subira. Mwangwi wa kwenye kebo unarudi kabla hujafikiria kupepesa jicho. Kile kidude kinachopima volti na kuitoa kwa namba, yaani kigeuzi, kikiwa kimoja hakiwahi. Kinapima, kinahema, kinapima tena, na katikati mwangwi umepita zake. Kwa hiyo unaweka vinne vinavyopokezana.

Kama hamjaelewa, nendeni mkawaangalie akina mama wakitwanga mahindi ya muthokoi, yale ya kutolewa maganda. Kinu ni kimoja, michi ni minne, na hakuna anayevunjika kidole. Huyu akipiga, wa pili mchi wake uko njiani, wa tatu uko juu, wa nne ndiyo kwanza anauinua. Kinu hakipumziki. Vigeuzi ni hivyo hivyo: cha kwanza, cha pili, cha tatu, cha nne, halafu cha kwanza tena. Kompyuta inazipokea namba na kuzipanga kwa zamu, na picha ya mwangwi inatoka laini kama samli.

Zikipangwa vibaya je? Hapo ndipo tulipokutana na Mama Syombua.

Mama Syombua alikuwa mwenyekiti wa kisima kimoja Matinyani. Pampu ilikuwa imenyamaza, na watu walikuwa wamerudi kuchimba mchanga mtoni kutafuta maji ya kunywa. Lori la winchi la kuvuta mabomba lilikuwa ng'ambo ya Mwingi, na mwenye lori akisema "wiki ijayo" alikuwa hasemi ya mwaka gani. Mama huyu alikuwa amesikia habari za mashine yetu, akatuita. Akakusanya mwethya, yaani majirani wanaofanya kazi ya pamoja bila malipo, leo kwako kesho kwangu. Wakasimamisha vyuma vitatu, wakafunga puli na kamba, wakangoja tuseme wavute mpaka bomba la ngapi.

Mashine ikasema ugonjwa uko kwenye bomba la tatu.

Wakavuta. Hayo mabomba ni ya chuma, msidhani ni mirija ya soda. Moja tu lina uzito wa ng'ombe aliyekataa kwenda sokoni. Bomba la tatu likatoka, na kebo iliyofungwa ubavuni mwake ilikuwa safi, nyeusi, inang'aa. Tukapima tena. Mashine ikasema bomba la tano. Wakavuta mpaka la tano. Safi. Tukapima tena, mashine ikasema, bila haya yoyote, bomba la pili. Bomba la pili lilikuwa limelala kwenye nyasi hapo mbele yetu, mbuzi anajikuna nalo.

Watu wakachukua majembe yao wakaenda nyumbani. Ulikuwa wakati wa palizi, na hawakuaga vizuri. Mama Syombua akabaki. Alikuwa mfupi, lakini akisimama mbele yako unajikuta unatafuta kiti.

"Mhandisi," akamwambia Mwende, "hawa watu nimewatoa shambani kwa mdomo wangu. Niliwaambia kuna mashine inaona chini. Watarudi mara moja tu. Wakivuta bure tena, hakuna mtu atakuja nikiita, si kwa kisima, si kwa barabara, si hata kwa matanga yangu."

"Nimeelewa, mwaitu," Mwende akasema. Mwaitu ni mama kwa Kikamba, na siku hiyo alilisema kama mtu anayekula kiapo.

"Hiyo mashine yenu inabadilisha maneno kuliko wale wanaokuja kuomba kura."

Mimi nikaona ni wakati wa uzoefu kusema. Nikakohoa. "Shida ni ardhi," nikasema. "Udongo umekauka, waya wa ardhini haushiki, kelele inaingia kwenye mashine. Tuimwagie maji hiyo nguzo ya ardhini, mambo yataisha."

Mama Syombua akanigeukia polepole. "Unataka nini?"

"Maji, mwaitu. Ndoo moja tu."

"Hapa?"

Hapo nikaanza kuona nilipoingia. "Hata nusu ndoo."

"Mwende," akasema, "huyu mzee mmemwokota njiani pale Malili mkija, ama mmetoka naye nyumbani?"

Lakini alikuwa mtu wa haki. Akaenda akaniletea maji kwenye kikombe cha chai, tena kile kidogo cha wageni. Akasimama juu yangu nikiyamimina, kuhakikisha hakuna tone linaloenda kando. Nguzo ikanywa. Tukapima. Picha haikubadilika hata kidogo.

"Treni?" Mwende akauliza.

"Treni, bosi."

Ndipo akafanya jambo ambalo tulipaswa kulifanya asubuhi ile kabla ya mtu yeyote kushika kamba. Akaacha kuitazama namba iliyotolewa na programu, akafungua picha yenyewe, mbichi, namba baada ya namba. Vijana, shikeni hili hata mkisahau mengine: programu inakupa jibu, haikupi sababu. Mpigo ukishatoka, mkia wake unatakiwa kushuka taratibu kama mtu anayeteremka mlima. Mkia wetu ulikuwa na meno ya msumeno. Unashuka ghafla, unapanda kidogo, unapanda tena, unashuka ghafla. Programu ilikuwa imefundishwa kwamba palipokatika, mstari unapanda. Kwa hiyo ikiona jino la kwanza inapiga kelele, "Ni hapa!" Kumbe ilikuwa inatafuta ugonjwa kwenye meno yake yenyewe.

"Hizo ni kelele za umeme," nikasema. Sikuwa nimekoma.

"Kelele hazirudii mtindo mmoja kila namba ya nne, Mzee."

Tulikuwa na kifaa kidogo cha kutoa mawimbi ya majaribio. Mimi nikakiunganisha, nikarusha wimbi la polepole, na kwenye laptopu likatokea wimbi zuri, laini, hata ungeweza kulitundika sebuleni. Nikapiga makofi. "Mashine ni nzima!"

Mwende akacheka mpaka akakaa chini. "Umeipa mtihani wa chekechea. Wimbi likienda polepole, namba jirani zinakaribia kulingana. Ukibadilisha mapacha kwenye foleni, nani atajua? Ipe kitu kinachopanda haraka, kila namba iwe na kimo chake."

Akaweka mstari unaopanda kwa kasi, kama ngazi. Sasa meno yakajitokeza yote. Tukasoma vimo kimoja kimoja. Kama kila kitu kingekuwa sawa, vingepanda moja, mbili, tatu, nne. Vyetu vilikuja tatu, mbili, moja, nne. Halafu saba, sita, tano, nane. Cha kwanza na cha tatu vilikuwa vimekaliana viti.

"Nyaya za kupokelea zimebadilishana," nikasema. Na hapo, naomba mniheshimu kidogo, nikapendekeza kitu cha maana. Tukate mawimbi yote, halafu kila kigeuzi tukiongezee volti ndogo yake peke yake, kama kumfunga kila mbuzi utepe wa rangi yake, tuone nani anatokea mlango gani. Mwende akasema sawa. Tukafanya. Kila mbuzi akatokea mlango wake: moja, mbili, tatu, nne.

Nilisikitika kidogo, lakini Mwende alifurahi. "Umeona? Nyaya ni nzima. Cha kwanza kinapita njia ya kwanza. Ila kinapiga mchi zamu ya tatu. Hawajabadilishana milango, wamebadilishana wakati."

Ndani ya bodi yetu kulikuwa na chipu mbili. Moja ilibeba kigeuzi cha kwanza na cha tatu, nyingine ilibeba cha pili na cha nne. Kila chipu ilikuwa inahesabu zamu zake yenyewe tangu inapoamka. Chipu moja ikiamka ikiwa imechelewa nusu ya mzunguko, cha kwanza na cha tatu wanabadilishana, na hakuna anayejua isipokuwa picha.

"Lakini kwa nini ichelewe?" nikauliza. "Kule Emali tuliiwasha mwezi mzima. Iliamka sawa kila mara."

Mwende akainamia bodi. Akazima mashine, akaiwasha. Tatu, mbili, moja, nne. Akazima, akawasha. Moja, mbili, tatu, nne. Sawa kabisa. Wingu likapita, mashine ikajizima yenyewe, jua likatoka ikajiwasha, meno yakarudi. Tukatazamana. Mwende akaufuata waya wa stima wa mashine kwa kidole, kutoka kwenye bodi, nje ya kibanda cha pampu, mpaka ulipoishia. Uliishia kwenye paneli ya sola moja kwa moja.

"Mwaitu," akaita, "betri ya hapa iko wapi?"

"Iko kanisani," Mama Syombua akajibu, kana kwamba ameulizwa jogoo yuko wapi. "Pampu imekufa, betri ikae hapa inafanya nini? Kwaya iliichukua kwa ajili ya vipaza sauti. Wana mkutano."

Na mimi ndiye niliyeunganisha waya asubuhi. Nilipokosa betri sikuuliza, nikaenda paneli. Mimi mtu wa Ukambani kukosa kitu na kutafuta kingine cha kushikilia, hilo si kosa, hiyo ni damu. Ila kule Emali stima inakuja kwa ghafla, kama kofi, na chipu zote mbili zinaamka pamoja. Paneli inapopitiwa na wingu, umeme unapanda polepole, kama mzee anayetoka kitandani. Chipu moja inaridhika mapema inaamka, nyingine bado inajinyoosha.

Nikatumwa kanisani. Nikaikuta kwaya katikati ya wimbo, kinanda kinalia, vipaza sauti vinasikika mpaka Kitui mjini na nadhani mpaka Machakos. Nikaeleza shida yangu kwa mama anayeongoza.

"Unataka kuizima kwaya?"

"Nataka kukopa betri yenu, mama."

"Si yetu, ni ya kisima," akasema bila aibu, "lakini ngoja tumalize ubeti."

Wimbo ulikuwa na beti nyingi kuliko mabehewa ya treni. Mwishowe nikachomoa mimi mwenyewe, kinanda kikakata roho, na kwaya haikushtuka hata kidogo. Iliendelea kwa midomo, nzuri zaidi kuliko ya kwanza. Niliwasikia njiani nikiwa na betri begani.

Nilipofika, Mwende hakutaka kuitegemea betri peke yake. "Kesho mtu mwingine ataipeleka kwenye harusi," akasema. Akanichorea kwenye vumbi: waya mmoja unaozishika chipu zote mbili zikiwa zimelala, mpaka umeme usimame imara, halafu unaziachilia kwa mpigo mmoja. Nikakaa kwenye kigoda, nikalehemu waya wenyewe kwenye miguu ya chipu myembamba kama nywele za mtoto mchanga. Hapo sasa msinicheke. Hata Mwende alikuwa anashika pumzi. Mkono huu, kabla haujaanza kutetemeka, ungeweza kumlehemu siafu kiatu.

Tukairudisha kwenye paneli kwa makusudi. Tukaifunika kwa koti, tukafunua polepole, tukafunika tena, wingu la kuigiza. Moja, mbili, tatu, nne. Tuliwasha na kuzima mpaka kidole kikafa ganzi. Haikukosea tena. Ndipo tukaunganisha kebo ya kisima, na mkia wa mpigo ukateremka laini, laini, halafu mbali kule ukapanda mara moja, wima, kama mtu aliyeitwa jina.

"Hapo," Mwende akasema.

Kujua bomba la ngapi kulihitaji kuutoa kwenye hesabu urefu wa ile kebo inayolala ardhini kutoka kibandani hadi mdomo wa kisima. Mwende akasema nikaipime. Utepe wa kupimia ulikuwa umebaki garini, kwa hiyo nikapima kwa hatua, nikarudi na jibu. Akapiga hesabu. "Tukihesabu toka la kwanza, ni la tisa."

Mama Syombua akamkazia macho. "Niwaite?"

"Waite, mwaitu."

Wakaja siku ya pili, wachache kuliko mwanzo, na waliokuja walikuja kwa ajili yake, si kwa ajili yetu. Nami nikashika kamba tena, kama jana yake. La sita, la saba, la nane. La tisa likapanda, tukalikaba kwa vyuma lisirudi, kila mtu akaisogelea kebo.

Ilikuwa safi. Nyeusi, inang'aa.

Kamba zikaachiliwa. Mmoja akaokota shati lake. Mwende alikuwa ameikodolea macho laptopu, midomo inahesabu. Halafu akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mzee, ile kebo ya ardhini, hatua zako zilikuwa ngapi kweli?"

Mnanijua. Mimi nikihesabu kitu huwa nakiongezea kidogo, kwa ajili ya utamu. Nilikuwa nimeongezea. Nikamwambia zilizokuwa za kweli, Mama Syombua akiwa nyuma yetu anasikiliza.

Akasimama. "Bado moja! Ni la kumi!"

Watu wakacheka, kile kicheko cha kuondoka. Mama Syombua hakucheka. Akaifunga leso yake kiunoni, akaenda kwenye kamba peke yake, akaishika kwa mikono miwili, akavuta. Bomba la chuma halivutwi na mama mmoja, lilisogea sifuri. Akavuta tena. "Nimewaita mimi," akasema, hata hakugeuka, "basi nitavuta mimi."

Mwende akatupa laptopu kwenye nyasi akashika nyuma yake. Kisha mimi. Kisha yule wa shati, akilalamika. Kisha wengine, mmoja mmoja, mpaka puli ikaanza kulia.

Bomba la kumi likapanda. Katikati yake palikuwa na kiungo, mahali kipande cha kwanza cha kebo kilipoishia na kingine kuungwa, na plasta yake imevimba kama mkate uliolowa. Mwende akaibana kwa vidole. Ikapasuka, na ndani shaba ilikuwa imegeuka unga wa kijani.

Tukakata, tukaunga upya, tukakifunika kiungo kwa mpira wa kupashwa moto, mabomba yakarudi chini. Pampu ilipowashwa, kwanza ulikuja upepo, halafu matope, halafu maji. Habari ilikimbia kuliko mwangwi wowote niliowahi kupima. Tulipogeuka, mitungi ilikuwa imejaa njia nzima, na wale waliokwenda nyumbani ndio walikuwa mbele, wakisukumana.

Mama Syombua akapita katikati yao akiinua mitungi na kuihamisha. "Aliyeshika kamba, mbele. Aliyeachilia akarudi, katikati. Ambaye hakuja, nyuma, na asiniambie habari ya palizi." Hakuna aliyebisha. Akafika kwangu, akachukua mkononi mwangu mtungi niliokuwa nimeazima.

"Mwaitu," nikasema, "mimi nilishika toka bomba la kwanza."

"Nilikuona. Ulishika vizuri." Akaanza kutembea nao kuelekea nyuma. "Lakini wewe ndiye uliyehesabu hatua."

Foleni ilikuwa ndefu. Nikamfuata.